Majina ya Waliokuwa Njiani

Kangema,
Jumapili, 4 Mei 2025

Mwalimu wangu mpendwa,

Najua siku hizi watu wote wanakuita Mheshimiwa, hata bango lililoko Ruring'u limesema hivyo, lakini mkono wangu umekataa kuliandika neno hilo. Nimejaribu mara tatu kwenye rasimu. (Bado naandika rasimu kwanza kama ulivyotufundisha, na bado siitupi.)

Ni mimi Jannat Shariff, wa Darasa la Saba Kaskazini, Shule ya Msingi ya Kihuruko. Yule ambaye sauti yake ilikuwa haifiki dawati la pili. Niko kidato cha tatu huku Kangema, shule imezungukwa na majani chai mpaka ukiamka unaona kijani tu, na bado siongei. Kwenye mdahalo mimi ndiye hushika saa.

Unakumbuka ulivyonipa rejista? Ulisema mbele ya wote, "Huyu asiyeongea ndiye atakayeita majina." Majina hamsini na mawili kila asubuhi! Wiki ya kwanza nililia chooni. Wiki ya tatu wale wa nyuma wakaacha kuuliza, "Ati nani?" Ndipo ukanionyesha siri yako. Kalamu kwa aliyefika, penseli kwa aliye njiani. Kama mvua imenyesha, au mtoto ametumwa maji kwanza, tusimwandike hayupo akachapwa na mwalimu mkuu. Akiingia tunapitisha kalamu juu ya penseli. Kengele ya mapumziko ikilia na hajaingia, tunafuta. Hakuna mtu amewahi kuniamini na kitu kikubwa hivyo.

Sasa swali langu, na unisamehe kwa kuuliza. Ni kuhusu ile Jumamosi ya Aprili, mkutano wa kutoa maoni juu ya soko litakalojengwa kwenye uwanja wa shule yetu. Uliponiona mlangoni ukasema, "Mwandishi wangu amefika!" nikafurahi mpaka sikusikia mengine. Niliandika majina ya waliokuwa ndani ya darasa, watu thelathini na wanane. Kisha ukaniambia niandike na walio njiani. Nikauliza penseli. Ukasema, "Tumia kalamu tu, tumechelewa."

Je, walifika? Mimi niliondoka saa tisa na sikuwaona.

Mwanafunzi wako,
Jannat


OFISI YA MWAKILISHI WADI, KIHURUKO
Nyeri, 16 Mei 2025

Kwa Jannat,

Barua yako imenifurahisha kuliko karatasi zote zilizojaa hapa mezani. Mwandiko bado ni ule ule! Nimemwonyesha msaidizi wangu Kingori, nikamwambia, tazama, hii ndiyo kazi ya mikono yangu.

Kuhusu swali lako, usijisumbue. Watu wa Kihuruko nawajua mmoja mmoja. Nimefundisha watoto wao miaka kumi na tisa. Najua watakalosema kabla hawajafungua mdomo. Na ukweli ni kwamba kazi isipoanza mwaka huu, soko litapelekwa wadi nyingine, na mimi nimekaa miaka mitatu katika Bunge la Kaunti nikiahidiwa lami, nikiahidiwa maji, nikirudi kwa watu wangu mikono mitupu. Hili soko lina ghorofa mbili, lina paa, lina vyoo. Nyanya yako hatanyeshewa tena na mahamri yake pale langoni. Hilo nalo si jambo?

Soma kwa bidii. Nimemwandikia mwalimu wako mkuu kwamba nitakuja kuwa mgeni wa heshima siku ya zawadi.

Wako,
Mhe. Theuri wa Wambugu, MCA


Kihuruko, Nyeri
8 Juni 2025

Mjukuu wangu Jannat,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, ila miguu. Kwa hiyo nimepumzika kidogo kukaanga mahamri, usiwe na wasiwasi, mtu akifika umri wangu ana haki ya kulala mpaka jua litoke.

Idi ilikuwa tulivu sana mwaka huu. Nilipika pilau lile la kila Idi, nikapakua sahani za majirani kama kawaida. Lilibaki kidogo. Baba yako alikuja kutoka Mwea na lori la mchele, akala, akasema limeiva vizuri, akarudi kazini. Tabby wa duka hajambo.

Ukija likizo fupi usipitie langoni mwa shule, kuna matope. Zungukia nyuma, kwenye ua wa kayaba.

Nakuombea.
Nyanya yako,
Mwanabibi


Kangema,
Jumatatu, 30 Juni 2025

Mheshimiwa Theuri,

Safari hii mkono haukukataa.

Nimetoka nyumbani jana, likizo fupi. Nyanya aliniambia nizungukie nyuma, ati kuna matope langoni. Nilipitia langoni. Hapakuwa na matope. Palikuwa na karatasi nne zimebandikwa kwenye lango, ndani ya plastiki ili zisinyeshewe, na maandishi yaliyokuwa juu yake ni yangu.

Acha nianze na kosa langu, kwa sababu ni langu. Mimi Jannat Shariff ndiye niliyeandika majina themanini na matatu kwenye orodha ya mkutano wa tarehe 12 Aprili. Mkono ni wangu wote, kutoka la kwanza hadi la mwisho. Nilijua kwamba waliokuwa ndani ni thelathini na wanane. Niliandika majina ya watu ambao hawakuwepo, na kwenye safu ya saini nikawachorea mstari, ule mstari wa rejista wa aliyefika. Sikushikiwa kisu. Ningeweza kuweka kalamu chini. Nina miaka kumi na saba, si mtoto wa chekechea. Sikuiweka, kwa sababu nilikuwa naona haya, na kwa sababu nilipenda kuitwa mwandishi mbele ya watu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nililipenda.

Geuza ukurasa.

Sasa lako. Wewe ndiye uliyesimama nyuma ya bega langu na simu mkononi ukinisomea hayo majina mengine kutoka kwa namba zako. Kila jina ulisema, "Huyu yuko njiani." Nilipoomba penseli ukanikatalia. Na ulipofika kwa nyanya yangu ukaniuliza, "Mama Shariff yuko wapi?" Nikasema yuko Mwea kwa baba, anarudi leo jioni. Ukacheka. "Basi si yuko njiani? Andika." Nikamwandika. Namba thelathini na tisa, wa kwanza kati ya wasiokuwepo. Nyanya yangu mwenyewe, kwa kalamu.

Juu ya karatasi siku ile paliandikwa WALIOHUDHURIA. Pale langoni pameandikwa WAKAZI WALIOKUBALI UWANJA UTUMIKE. Nani alibadilisha? Mimi huo mwandiko siujui, umepigwa kwa mashine.

Unajua nimekuta nini nyumbani? Karai la mahamri limefunikwa nyuma ya mlango, buibui ametandaza utando juu yake. Miguu ya nyanya haina shida yoyote, anapanda kilima kuchota maji kama msichana. Hauzi kwa sababu hakuna anayenunua. Nilitumwa sukari kwa Mama Njoki, Tabby wa duka, ambaye tangu nizaliwe ananiita mtoto wake. Akanipa sukari bila kuniangalia. Halafu akasema, "Ambia shosho yako watoto yetu watacheza wapi? Kwa barabara? Alikaa hapo na nyinyi mkakubali uwanja iende, kwa sababu nyinyi si watu wa hapa, hamusikii uchungu."

Si watu wa hapa! Nyanya alizaliwa Nyeri. Baba yake amezikwa Nyeri. Alinifunga leso mgongoni akauza mahamri kwenye lango hilo hilo, na mtoto asiye na kitu alipewa la bure na hajawahi kulisema. Zile sahani za pilau za Idi zilirudishwa, Mheshimiwa. Mama Njoki alizirudisha zimefunikwa vile vile. Nyanya hakuniambia, ameniambia jirani mwingine kwa kunicheka.

Na mimi nilisimama pale dukani nimeshika sukari na sikusema kitu. Nilikaa siku tatu na nyanya kwenye chumba kimoja na sikumwambia kwamba ni mimi. Nimepandwa na hasira nimeshindwa kula, na sijui kama nina hasira na wewe kuliko nilivyo na hasira na mimi.

Alhamisi tarehe 17 Julai kamati ya Bunge inakuja uwanjani kuthibitisha hiyo orodha. Imeandikwa pale langoni. Nataka jambo moja. Simama mbele yao useme kwamba watu arobaini na watano hawakuwepo, na kwamba nyanya yangu hakukubali chochote. Basi. Ulitufundisha kufuta kengele ikilia. Futa.

Jannat Shariff


Kangema,
30 Juni 2025

Nyanya,

Nimeshindwa kuandika jambo hili mara mbili, kwa hiyo nakutumia rasimu ya barua niliyomwandikia Mwalimu Theuri leo. Ina mikato mingi na pale juu nimeimwagia uji, nisamehe. Soma pande zote mbili. Ukimaliza utajua ni nani amekuweka kwenye ile karatasi.

Usiponijibu nitaelewa.

Jannat wako


OFISI YA MWAKILISHI WADI, KIHURUKO
Nyeri, 9 Julai 2025

Jannat,

Nimesoma barua yako nikahuzunika. Si lugha niliyokufundisha.

Wewe bado ni mdogo na kuna mambo huyaoni. Kuandika jina la mtu bila ruhusa yake ni jambo la kisheria, na mwandiko ule, kama unavyokiri mwenyewe, ni wako. Mimi sitaki msichana niliyemlea apate doa kabla ya mtihani wa mwisho. Naweza kukulinda. Lakini siwezi kumlinda mtu anayepiga kelele.

Kwa hiyo nisikilize kama mwalimu wako. Usimwandikie mtu mwingine yeyote kuhusu jambo hili. Tarehe 17 nitalishughulikia mimi mwenyewe, kwa njia ambayo haitamuumiza mtu. Wewe soma.

Mhe. Theuri wa Wambugu, MCA


Kihuruko, Nyeri
Jumamosi, 19 Julai 2025

Mjukuu wangu,

Assalaam alaykum. Kwanza nikutoe wasiwasi, ndipo nikukaripie.

Mwandiko wako niliujua siku ile ile karatasi ilipobandikwa. Nani mwingine huandika herufi J na mkia mrefu kama wa paka? Nimekaa na barua zako tangu uende bweni, nazisoma mpaka zinachanika kwenye mikunjo. Nilisimama pale langoni na miwani yangu ya uzi, nikaona jina langu limeandikwa vizuri kuliko nilivyowahi kuliona popote. Nikarudi nyumbani. Nikajiambia, huyu mtoto ametumwa. Nikisema si mimi, wataniuliza ni nani, basi nikafunga mdomo. Wacha waniite wanavyotaka. Mimi ni mzee, maneno hayanitoboi kama zamani.

Hilo ndilo la kukukaripia. Siku tatu tumelala chumba kimoja, wewe umenyamaza na mimi nimenyamaza, kama wezi wawili wasiojuana! Tusirudie.

Sasa Alhamisi. Waliweka hema uwanjani na viti vya plastiki, na kamati ya watu watano, mwenyekiti wao mama mmoja anaitwa Mheshimiwa Magdaline, mkali, hana mchezo. Watu walijaa. Mimi nilikaa nyuma peke yangu, viti viwili kila upande vitupu. Rasimu yako nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la leso. Sikuwa nimepanga kuitoa. Nilitaka kwanza kumsikia mwalimu wako, kwa sababu moyoni nilisema, yule bwana atasema ukweli. Jannat, niliamini kabisa. Alikufundisha kuongea.

Mwenyekiti akauliza, "Mheshimiwa Theuri, tumepata malalamiko. Hii orodha iliandikwa na nani?"

Akasimama. Akafunga vifungo vya koti. Akatoa barua yako mfukoni, ile nadhifu, isiyo na uji. Akasema kwa sauti ya huruma, "Waheshimiwa, nina jambo la kusikitisha. Nimepokea barua kutoka kwa msichana mwenyewe." Akaisoma. "Mimi Jannat Shariff ndiye niliyeandika." Akasoma mpaka pale unaposema ulipenda kuitwa mwandishi. Akaikunja. "Ni mtoto," akasema. "Alitaka sifa, akakosea. Mimi kama mwalimu wake nimemsamehe, na naomba na nyinyi mumsamehe, tuendelee na kazi. Wengi kwenye orodha ni watu wa kweli na msimamo wao unajulikana."

Amekusamehe! Wallahi, masikio yangu yalipata moto. Nyuma yangu mtu akasema, "Kumbe ni hako kasichana ka mama wa mahamri." Watu wakageuka kunitazama. Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta niko wima nimeshika kiti.

Nikamwambia, "Mwalimu, geuza ukurasa."

Akasema, "Mama, barua imeisha."

Nikasema, "Hiyo yako imeisha. Yangu inaendelea." Nikafungua leso.

Unajua macho yangu. Nilisoma mistari minne, "Wewe ndiye uliyesimama nyuma ya bega langu," halafu ile mikato yako ikanishinda, nikakwama. Watu wakaanza kunong'ona. Nikaona mtu amekaa kwenye kiti kitupu kando yangu. Ni Tabby. Alinyoosha mkono, nikampa karatasi. Akasoma yote, kwa sauti yake ya kuita wateja. Akasoma kuhusu simu. Akasoma kuhusu penseli. Akafika pale penye maneno yake mwenyewe, yale ya dukani, watoto wacheze wapi na sisi si watu wa hapa. Nikadhani ataruka. Akasimama, akayasoma. Akasoma na sahani za Idi. Alikuwa analia lakini hakuruka neno.

Mwenyekiti akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, hebu nione hiyo barua yako, pande zote mbili."

Akasema ameiacha kwa gari. Jannat, tulikuwa tunaiona inachungulia mfukoni! Mzee mmoja akapaza sauti, "Gari ni hiyo koti?" Watu wakacheka mpaka hema likatikisika.

Ndipo yule mama akachukua orodha akaanza kuita majina. Kwa sauti, mmoja mmoja, kama darasani. Thelathini na wanane wa kwanza wengi walijibu walikuwepo, na nusu yao wakaongeza, "Lakini mimi nilisaini ili nipewe soda, hakuna mtu aliniuliza kuhusu uwanja." Kisha akafika kwangu. "Mwanabibi Omar."

Nikasema, "Sikuwepo. Nilikuwa Mwea, nakula wali wa mwanangu."

Akaita mwingine. Sikuwepo. Mwingine. Sikuwepo, nilikuwa kazini. Akaita, "Moffat Ndungu." Akarudia. Mama mmoja mbele akainuka pole pole, akasema, "Huyo ni bwana yangu. Tulimzika Februari. Na wewe Theuri ulishika maikrofoni hapo kwa kaburi ukatuambia utamkumbuka."

Mtu akasema, "Labda yuko njiani!" Lakini hakuna aliyecheka safari hiyo.

Kamati imeitupa ile orodha. Mkutano utafanywa upya Jumamosi tarehe 9 Agosti, hapo hapo uwanjani, asubuhi, kila mtu ajiandikishe mwenyewe. Vigingi vya mpaka wa soko bado vipo kwenye nyasi, kwa hiyo hatujashinda kitu bado. Usishangilie.

Jana asubuhi Tabby alikuja na unga. Aliosha karai.

Nyanya yako,
Mwanabibi


Nyeri, 25 Julai 2025

Jannat,

Hii naandika kwa mkono wangu, nikiwa nyumbani.

Umeridhika? Miaka kumi na tisa ya chaki, na mitatu ya kugonga milango ya watu wasionisalimu, yote imemalizwa na karatasi yenye uji. Kingori ananiambia jina langu sasa mtaani ni Njiani. Watoto niliowafundisha kusoma wananiita hivyo nikipita.

Nilitaka kuleta kitu kimoja. Kimoja tu, ambacho mtu angekishika kwa mkono. Hujui ilivyo kukaa kwenye kile kiti na kujua kwamba uchaguzi ukifika utaulizwa umefanya nini, na huna jibu. Wangekuja kulipenda lile soko. Nilijua wangelipenda. Nilikuwa nawahesabu tu mapema.

Mimi ndiye niliyekupa sauti. Sikujua nampa mtu wa kunipiga nayo.

Theuri


Kangema,
Jumatano, 30 Julai 2025

Mwalimu,

Ijumaa tunafunga shule. Naandika haraka, na hii haina rasimu.

Naibu wa mwalimu mkuu aliniita ofisini Jumatatu. Habari zilifika huku. Aliniambia kwamba Mheshimiwa alipiga simu mapema mwezi huu, akasema nina matatizo ya nidhamu, niangaliwe, na barua zangu zisomwe kabla hazijatoka. Kwa hiyo huko ndiko kulikuwa kunilinda. Akaniuliza, "Wewe una la kusema?" Unajua mimi kawaida ningeangalia viatu. Nilisema. Nilisema kwa dakika kumi, na nilipomaliza karani wa chumba cha pili alikuwa amesimama mlangoni.

Barua yako nimeisoma mara nyingi nikitafuta sentensi moja. Haimo. Umeandika jina lako jipya, umeandika chaki, umeandika uchaguzi. Nyanya yangu hayumo. Yule mjane wa Ndungu hayumo. Umenisomea hadharani kama mfano mbaya wa insha, ukakata ukurasa katikati, ukanisamehe kwa kosa ulilonituma, halafu unaniuliza kama nimeridhika. Hapana. Sijaridhika. Nina hasira mpaka mwandiko wangu umeharibika, angalia mwenyewe.

Na usiseme ulikuwa unatuhesabu mapema. Darasani ulipotuhesabu mapema ilikuwa ni kwa ajili yetu, tusichapwe. Ulikuwa unatazama dirishani mpaka tutokee kwenye kona ya ua wa kayaba, tukikimbia, na ulikuwa unafurahi. Nilikuona, mimi ndiye nilikuwa nimeshika rejista. Siku ile ya Aprili hukutazama dirishani hata mara moja. Hukutaka tufike.

Sauti hukunipa. Ulinipa majina niyaite. Hiyo ni kweli, na siwezi kuifuta hata nikiwa na hasira namna hii, na nimejaribu.

Jumamosi ya tarehe 9 nitakuwa uwanjani. Mama Njoki amesema nishike rejista na nyanya amekubali. Kila mtu ataandika jina lake mwenyewe, mimi nitayaita tu, moja moja, ili wa nyuma wasikie. Hakuna atakayeandikwa kutoka kwenye simu. Mwenyekiti amesema Mheshimiwa wa wadi anaruhusiwa kuja kama mkazi mwingine yeyote, akae kwenye kiti cha plastiki, aseme alilo nalo. Nyanya atauza mahamri. Amesema kama utakuja atakuuzia, lakini la bure hutapata.

Daftari ni jipya. Nimeshalipiga mistari. Sitaruhusiwa kumwandikia mtu, hiyo nimekubali, ila namba ya kwanza nimevunja sheria nikaandika mwenyewe. Theuri wa Wambugu.

Kwa penseli. Mkutano unaanza saa tatu, na kengele ya mapumziko nitaigonga mimi saa nne na nusu.

Jannat Shariff